Mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) amekua: tumlee au tumuuze? Kihamba chetu ni ekari moja na robo

MamaWatatu aliandika:

Habari zenu wakulima wenzangu. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Nimeolewa Old Moshi, huku mlimani Kilimanjaro, kwetu ni Singida. Tulirudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba, mwaka 2019 baba mkwe alipofariki, tukitokea Mbagala tulikokuwa tumepanga vyumba viwili. Mume wangu ni kitinda mimba, na kwa desturi ya Wachaga nyumba ya wazazi huwa ya mtoto wa mwisho, kwa hiyo hakukuwa na mjadala wa nani arudi. Yeye ni fundi umeme: asubuhi anashuka Moshi mjini, jioni anapanda. Mchana nyumbani tupo mimi na mama mkwe, ana miaka 74, na mtoto wetu mdogo wa miaka minne. Binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka tisa wanarudi shule saa kumi.

Kihamba chenyewe ni kama vihamba vingine vya huku. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfongo (mfereji wa maji), mnafu na sukuma wiki nyuma ya jiko. Mmea wa isale mpakani. Kuku kumi na wanane, mbuzi wawili. Shamba la mahindi na maharage liko chini tambarare, ekari mbili, na mabua yake tunayapandisha kwa pikapu mwezi wa nane.

Na yuko Pendo, ng'ombe wetu chotara wa Friesian, aliyenunuliwa na marehemu baba mkwe akiwa bado mtamba. Akitoka kuzaa anatoa lita tisa kwa siku, sasa yupo kwenye sita. Mbili zinabaki nyumbani, nne nauza kwa 1,200 lita. Hiyo ndiyo sabuni yetu, daftari, na nauli ya mama kwenda kliniki ya presha.

Swali langu ni la Zawadi, binti wa Pendo. Ana miezi ishirini, amekua, na mwezi huu amepata joto, yaani anataka dume, mara ya kwanza tuliyoiona. Kuna mnunuzi amesimama kwenye laki tisa na nusu. Mume wangu hataki kusikia. Anasema tukiwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja akikauka mwingine anakamuliwa, hatutakaa miezi miwili bila hela ya maziwa kama mwaka jana. Mama mkwe naye hataki, kwa sababu yake: samadi. Anasema ng'ombe akipungua zizini, mgomba unajua kabla ya mwenyewe kujua. Sina hoja ya kumbishia mama, migomba yake naiona. Kila shina ameacha mitatu tu, mama, binti na mjukuu, na mikungu inavyoshuka lazima uitegeshee miti.

Mimi naogopa majani.

Kwetu Singida ng'ombe huyafuata majani. Huku majani humfuata ng'ombe, tena juu ya kichwa cha mtu. Nakata asubuhi mzigo mmoja, jioni mwingine. Mama mkwe nimemkataza akanikatalia, naye huleta kifungu chake. Kiangazi matete yakiisha kwenye kingo, nashuka hadi bondeni na kupanda nao, na ule mlima anayeujua ni shingo.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Juzi nilichelewa kutoka kwenye msiba. Nikamkuta binti yangu bandani, amebana tochi kwapani, anakatakata mgomba kwa panga ili Pendo na Zawadi wapate cha kula kabla ya kulala. Hakutumwa. Aliwasikia wanalia njaa. Alikuwa bado na sweta la shule, na mnajua utomvu wa mgomba: ukiingia kwenye nguo hautoki, sabuni wala jiki havioni ndani. Mkono mzima wa kulia umekuwa na madoa meusi. Akaniambia, "Mama usinigombeze, nilisahau kulivua." Sikumgombeza. Nilikaa kwenye ndoo ya maji nikamwangalia anavyoshika lile panga, ameshika karibu kabisa na makali.

Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu. Ekari moja na robo, watu wa kukata majani wawili na nusu. Mtamba tumlee au tumuuze? Na kama tunamlea, majani yanatoka wapi bila mtoto kuyalipia?

---

Mzee_wa_Mwika alijibu:

Marahaba mwanangu. Na pole kwa msiba.

Nimefuga ndani, ng'ombe wa kufungiwa, tangu mwaka 1984, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Ng'ombe chotara wa maziwa, mwenye kilo kama mia nne, anataka matete mabichi kilo hamsini hadi sitini kwa siku, na maji ndoo tatu na zaidi. Mtamba wa umri wa Zawadi ni karibu nusu ya hapo. Akizaa atakula kama mama yake, na nyuma yake kutakuwa na ndama. Kwa hiyo anayesema "wa pili" ahesabu wawili na nusu.

Kabla hamjaamua lolote, pima. Nadhani hapo nyumbani ipo mizani ya kuning'iniza, ile ya kahawa. Kila mzigo unaoingia bandani uning'inizwe, uandikwe na jina la aliyeubeba, wiki nzima. Sisi wanaume tunajua bei ya maziwa kwa lita. Majani hatujui yana kilo ngapi kwa sababu hatujayabeba. Nasema hivyo nikijihesabu humo. Marehemu mke wangu aliyabeba miaka thelathini, na mimi nilianza kuyabeba alipougua mgongo.

Mama mkwe wako yuko sahihi kuhusu samadi, usimpuuze. Vihamba hivi, ambavyo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilivitambua mwaka 2011 kule Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, vinasimama kwa samadi. Udongo umelimwa vizazi kwa vizazi bila kupumzishwa na bado unazaa, kwa sababu kinachotoka shambani kinapita tumboni mwa ng'ombe kinarudi shambani. Ila Pendo peke yake anatoa kilo ishirini na zaidi za kinyesi kibichi kila siku. Mkikiweka kwenye shimo lenye kivuli, mkachanganya na mabaki ya hori na majani ya migomba, mkakifunika kisipigwe na mvua wala jua, kinatosha ekari moja. Wengi tunakosa samadi tukiwa na ng'ombe watatu kwa sababu tunaiacha nje inaoshwa na masika.

Halafu kuna njia ya zamani. Muulize mama mkwe, ataijua vizuri kuliko mimi. Zamani mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake alimweka ng'ombe kwa jirani. Jirani anakata majani, anakunywa maziwa, anachukua samadi. Mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe, na ndama wanagawana kwa makubaliano. Ng'ombe hajauzwa, na kwako hayupo. Tazama kama pana banda tupu karibu.

---

Mluguru_Mgeta alijibu:

Shemeji, pole na hongera. Mimi naandika kutoka Mgeta, milima ya Uluguru. Kwetu mteremko ni mkali hivi kwamba ng'ombe ni shida hata kusimama. Sisi tuliokolewa na mbuzi wa maziwa. Wale wa Kinorwei waliletwa huku miaka ya themanini kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, wakachanganywa na wa kienyeji, na leo nyumba nyingi za Mgeta watoto wanakunywa chai ya maziwa ya mbuzi.

Mbuzi chotara mzuri atakupa lita moja hadi mbili kwa siku. Ni kidogo ukilinganisha na Pendo, lakini anakula kilo tano hadi saba za majani, na mzigo wake mtoto anaweza kuubeba mkononi akitoka shule bila kuweka ngata kichwani. Unao mbuzi wawili tayari. Uza Zawadi, tafuta beberu bora wa kupandisha, hela inayobaki lipa ada.

Banda la mbuzi liinuliwe na sakafu ya mbao zenye nafasi, mavi yadondoke chini. Wakilalia unyevu kwato zinaoza, na huko kwenu baridi ya mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo.

---

DaktariWaMifugo_K alijibu:

Nafanya kazi ya mifugo Kanda ya Kaskazini. Naongeza machache.

Kwanza, mtamba hapandishwi kwa umri, anapandishwa kwa uzito. Chotara wa Friesian asiguswe kabla ya kilo 250 hivi, na mkipata 280 ni bora zaidi. Akipandishwa mdogo atazaa kwa shida na atadumaa. Kama hamna mizani kubwa, ipo tepu ya kupima kifua, mtaalamu wa kata anaweza kuwa nayo. Joto linarudi kila baada ya siku 21, kwa hiyo hamjapoteza kitu mkisubiri. Siku mkiamua, ukiliona joto asubuhi, mtaalamu wa kupandikiza mbegu aje jioni. Ukiliona jioni, aje kesho asubuhi. Msitumie dume la jirani kama hamna uhakika kwamba si baba yake. Hilo hutokea sana vijijini, kwa sababu dume ni moja.

Pili, mgomba. Shina la mgomba zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Linajaza tumbo na kusaidia kiangazi maji yakiwa haba, lakini si chakula. Ng'ombe anayelala na mgomba mtupu anaamka na maziwa pungufu. Mpe pamoja na mabua yaliyokatwakatwa na kunyunyiziwa molasesi, na kikombe cha mashudu ya alizeti wakati wa kukamua. Yaani binti yako alitumia panga gizani kwa kitu kisicho na lishe. Nasema kwa uchungu, nami nina binti.

Tatu, umetaja majani ya bondeni na magimbi ya kando ya mfongo. Majani yaliyokatwa kwenye maji maji yana konokono wadogo, na huko ndiko ng'ombe wa ndani anakopatia minyoo bapa ya ini. Kata juu ya mstari wa maji, usikate yaliyolowa shinani, na mwambie mtaalamu wako achague dawa inayogusa minyoo ya ini. Si kila dawa ya minyoo inaigusa.

Na kama Zawadi atahamia banda lingine kama Mzee alivyosema, ulizeni kupe kwanza. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haijali kwamba ng'ombe anakula ndani. Kupe huja na majani. Chanjo yake ipo, hupigwa mara moja, na ng'ombe huwekwa hereni. Ni bora apigwe kabla ya kuhama.

---

Wanjiku_Embu alijibu:

Dadangu, salamu kutoka Embu, Kenya. Mlima wenu na wetu ni ndugu, shida ni zile zile. Mimi nina robo tatu ekari na ng'ombe mmoja. Mmoja tu, na sitaki wa pili.

Kilichonisaidia ni kaliandra, mti wa malisho. Niliipanda kwenye mpaka na juu ya kingo za matuta, mahali ambapo palikuwa na nyasi za bure tu. Kilo tatu za majani yake mabichi hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani. Ukitaka ikutosheleze ng'ombe mmoja mwaka mzima, panda miti kama mia tano. Inaonekana mingi, lakini inapandwa kama ua, karibu karibu, na baada ya mwaka mmoja unaanza kukata kila miezi miwili au mitatu. Wewe una isale mpakani. Usiing'oe, panda kaliandra ndani yake hatua moja.

Na chini ya nepia, hayo matete yenu, panda desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa. Inafunika udongo, inarutubisha, na ng'ombe anaipenda. Huku Kenya, hasa magharibi, nepia ilishikwa na ugonjwa wa kudumaa, inakuwa ya manjano na fupi, watu waling'oa mashamba mazima. Ukiomba vipando, omba kwa mtu ambaye shamba lake umeliona kwa macho.

Mtoto asishike panga usiku. Hilo nalisema kama mama.

---

MamaWatatu alijibu:

Asanteni sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na hesabu mkononi.

Mzee wangu wa Mwika, tulipima. Mizani tuliipata darini, ile ya baba mkwe ya kahawa, ina kutu lakini inasoma. Nikaifunga kwenye boriti ya banda. Kwa wiki moja mzigo wangu wa asubuhi ulikuwa wastani wa kilo 31, wa jioni 27. Mama mkwe kilo tisa. Binti yangu kilo 14, na mwenyewe ana kilo 34. Hilo la mwisho sikuliandika mimi, aliliandika baba yake. Aliposoma karatasi Ijumaa usiku alimwita, akamning'iniza kwenye mizani kwa mchezo, binti akacheka. Baba yake akaandika namba mbili pamoja, 34 na 14, akakaa kimya muda mrefu.

Jumamosi na Jumapili alikata yeye. Mzigo wa kwanza ulikuwa kilo 38, maana alitaka kumaliza mara moja. Aliposhuka nao kutoka kwa mjomba wake alipumzika mara mbili njiani. Hakusema kitu na mimi sikusema. Jioni akanunua jiwe la kunolea, akanoa mapanga yote, akayatundika juu, mahali ambapo watoto hawafikii.

Kwa hesabu yetu Pendo na Zawadi wanakula kilo 81 kwa siku sasa hivi, mgomba hatukuhesabu. Zawadi akizaa itapanda hadi 110 na zaidi, na ndama bado. Ni mzigo wangu mmoja mzima juu ya yote, kila siku ya Mungu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema hakuna mtu wa kuubeba.

Nikamuuliza mama mkwe kuhusu kuweka ng'ombe kwa jirani. Alishangaa nimeijulia wapi. Akasema yeye alipoolewa, ng'ombe wa kwanza aliyemkamua hakuwa wa mume wake, alikuwa wa mtu wa Kirua, na ndama wake wa pili ndiye aliyeanzisha zizi la hapa. Kumbe kihamba chote hiki kilianza na ng'ombe aliyewekwa! Siku hiyo aliongea hadi chai ikapoa, akanionyesha hata kona ya banda la zamani yule ng'ombe alikofungwa, sasa ni mahali pa kuni.

Vihamba viwili chini yetu kuna mama mjane. Ng'ombe wake alikufa mwaka juzi, matete yake yamekuwa marefu hadi yamelala, anawauzia watu. Watoto wake wawili wakubwa wapo nyumbani. Tulikwenda mimi na mama mkwe, tukapeleka ndizi na nusu lita ya maziwa, tukaongea. Tumekubaliana hivi: Zawadi atafugwa kwake, maziwa yake na samadi yake. Ndama wa kwanza ni wetu, wa pili ni wake, dawa na chanjo tunalipa sisi mpaka atakapozaa. Mume wangu ameandika karatasi mbili, mwenyekiti wa kitongoji amesaini. Pendo akikauka, jirani atatupa lita moja kwa siku ya chai ya watoto. Hilo alilitoa yeye bila kuombwa.

Daktari, tepu ilisema kilo 236. Kwa hiyo tunasubiri. Chanjo ya ndigana amepigwa wiki tatu kabla ya kuhama, hereni anayo. Na majani ya kando ya mfongo nimeacha, sasa nakata ya juu.

Shemeji wa Mgeta, hoja yako ya mbuzi imeingia. Sakafu ya mbao mume wangu ameanza kuipigilia. Beberu bado, hela haijatimia.

Samadi ya Zawadi tumeikosa, ndiyo, na mama mkwe ananikumbusha. Tumechimba shimo chini ya mparachichi na kulifunika kwa mabua, naye ndiye msimamizi. Kila asubuhi anachomeka kijiti katikati, anakitoa, anakishika kusikia joto.

Alhamisi ndiyo Zawadi alihama. Alilia usiku kucha, Pendo akimjibu kutoka huku. Siku ya pili wakanyamaza. Binti yangu akitoka shule anapitia kwa jirani kumsalimia, na sweta jipya tulimnunulia, lile la madoa analivaa asubuhi akiokota mayai. Anafika nyumbani saa kumi na moja, anakuta Pendo ameshapewa. Anakaa barazani na daftari, bado kuna mwanga.

Dada Wanjiku, nimepata mbegu za kaliandra robo kilo. Nimeambiwa ziloweshwe siku mbili kabla ya kupanda. Je, nizioteshe kwanza kwenye viriba, au huko Embu mnazipanda moja kwa moja ardhini mvua ikianza? Vuli imekaribia, wingu limeshaanza kushuka mlimani jioni.